Jiwe la Kupimia Mizani

Kasoli, Bariadi
12 Februari 2024

Mdogo wangu Justina,

Mwangaluka. Huku tu wazima. Mvua zimekuja kwa kusitasita, pamba imeota kwa mabaka, na wadudu wamekwishajua mashamba ya nani hayajapuliziwa dawa. Mjukuu wetu Precious ameingia darasa la tano na anajiona profesa. Wifi yako Milembe yuko kwenye palizi tangu Jumatatu, peke yake, kwa sababu mimi nimekatazwa kushika jembe mpaka mshono ukomae. Anarudi jioni na kakikohozi ka vumbi, anakunywa maji, kesho anaenda tena. Anakusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Huyo Mama Salu uliyemtuma, nesi mstaafu, amekuja hapa na sindano na vichupa vyake, akanitoa damu kama mtu anayekama ng'ombe wa jirani, bila aibu. Nilipomuuliza ni ya nini, akasema, "Ya dada yako, mzee. Atakuwa anaitaka kila baada ya miezi mitatu."

Justina, nilipasuliwa Novemba. Walikata kipande cha juu cha pafu la kulia, wakanishona, na daktari bingwa wa Dar es Salaam akaniambia kwa kinywa chake kwamba saratani yote imetoka. Leo wewe, ambaye kazi yako ni kukaa maabara huko Mwanza ukikodolea macho mikojo ya watu, unataka kuitafuta ndani ya damu yangu. Kama imetoka, unatafuta nini? Na kama haikutoka, walinipasulia nini?

Mimi nimekuwa karani wa kupima pamba miaka ishirini na minane. Namba nazijua, na watu wanaotisha wenzao kwa namba nawajua zaidi. Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Simu yangu iko sandukuni, imezimwa, na simu ni ya mtu mwenye muda wa kupoteza. Andika. Jambo lisiloandikwa halina shahidi.

Ni mimi kaka yako,
Masalu


Mwanza
26 Februari 2024

Kaka Masalu,

Umeniamkia mwangaluka ya asubuhi, lakini kondakta wa basi ameniletea barua yako mchana, saa za mwadila, kwa hiyo mwadila. Sisi hatujambo. Shemeji yako Constantine amehamishiwa kituo kingine cha kazi na anarudi nyumbani akiwa amenuna. Nimewatumia kifurushi cha dagaa wa Kalemela, waliokauka vizuri. Pole kwa wifi na palizi. Mwambie anywe chai ya tangawizi kwa hicho kikohozi.

Nimesoma maswali yako mawili nikacheka, maana ni maswali ya mtu anayejisikia mwerevu. Nakujibu kwa maandishi, upate shahidi.

Daktari alitoa saratani anayoiona kwa macho. Isiyoonekana kwa macho hakuna kisu kinachoitoa. Chembe chache zikibaki, zinaweza kukaa kimya mwaka, miwili, kisha zikaanza upya. Saratani nyingine, sio zote, humwaga kitu kwenye damu tunachoweza kukipima. Chako kinaitwa CEA. Kwa mtu mzima asiyevuta sigara huwa chini ya tano. Siku uliyoingia chumba cha upasuaji ulikuwa na 18. Sasa una 3.1. Maana yake kilichokuwa kinamwaga kimeondolewa, na ndiyo maana kwako kipimo hiki kina faida: ikipanda tena, tutaiona mapema, pengine miezi kabla hujahisi chochote.

Ila sikiliza, usije ukasema sikukwambia. Namba moja peke yake si kitu. Homa ya mapafu inaweza kuipandisha, sigara inaweza kuipandisha. Na saratani inaweza kurudi namba ikiwa imelala. Tunachotazama ni inaelekea wapi, na ikipanda hatukati mtu wala hatumpi dawa, tunarudia, kisha tunampiga picha ya kifua ya CT. Hayo ndiyo maajabu yangu yote.

Kuhusu mikojo: ni kweli naikodolea macho. Na mwaka jana, wakati wewe ulikuwa unasema kikohozi chako ni "mafua ya pamba", ni mimi niliyekodolea macho makohozi yako nikakusukuma kwenda Dar es Salaam. Bila mikojo na makohozi, leo barua hii ningekuwa namwandikia mjane.

Dada yako,
Justina


Kasoli
9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Dagaa tuliwala wakaisha, wabeja sana. Msimu wa kununua pamba umefunguliwa. Kwetu tumevuna si haba kwa mwaka wenye mvua za kubahatisha. Milembe ndiye aliyechuma karibu yote, na nyuzi za pamba zimemkaa kifuani, anakohoa kama mbuzi aliyekula pumba. Mimi kidonda kimepona kabisa. Jana nimepanda juu ya bati nikagonga misumari, Mungu ni mwema.

Nikusimulie jambo. Siku ya ufunguzi wameleta mizani mpya ya umeme, na kijana wa kuiendesha, nywele zimenyolewa pembeni, hajawahi kubeba hata kilo moja ya pamba mgongoni. Wakulima wamejipanga. Nikaja na jiwe langu.

Unalikumbuka. Lile la chuma, la kilo ishirini, nililopewa nilipostaafu, ambalo tangu hapo limekaa mlangoni kwangu. Zamani hakuna karani aliyepima gunia la mtu kabla ya jiwe kuwekwa juu ya mizani mbele ya wakulima wote. Mizani huwezi kuijua kwa kuitazama sura. Unaiwekea kitu ambacho uzito wake unaujua wewe, unanyamaza, unasikia itasema nini. Kijana akanuna. Nikaliweka. Mizani ikasoma ishirini kamili, wakulima wakapiga makofi, nami nikaiamkia ile mizani kwa heshima.

Sasa wewe tangu Februari unanisomea namba za mashine ambayo sijaona mtu akiiwekea jiwe. Unaniambia 18, nashtuka. Unaniambia 3, nafurahi. Kama mtoto anayeambiwa urefu wake na mtu mwenye kamba iliyofichwa mfukoni. Sina tabia hiyo.

Hata hivyo nimetii. Mama Salu amekuja jana, damu ikapelekwa zahanati ikazungushwa kwenye mashine yao, na leo inakuja kwako na basi la asubuhi ndani ya boksi la barafu. Kichupa nimekiandika jina mwenyewe, kwa mwandiko wa karani. Kipime vizuri.

Masalu


Mwanza
20 Juni 2024

Kaka,

Mwadila. Sisi wazima. Sitaandika mengi ya nyumbani leo, unisamehe.

Namba yako ni 14.

Nimeipima mara mbili, siku mbili tofauti, kwa mashine mbili, nikijua utauliza. Na kwa kuwa unapenda mawe: kila asubuhi kabla hatujagusa damu ya mgonjwa yeyote, tunaipa mashine damu ya kupimia ambayo kiwango chake kinajulikana. Isiposoma sawasawa hatufanyi kazi. Kwa hiyo jiwe tunalo, na tunaliweka kila siku, sio siku ya ufunguzi wa msimu tu kwa ajili ya makofi.

Je, umevuta sigara? Umekuwa na homa? Kama hapana, namba ya 14 kutoka 3 si jambo la kulala nalo. Nataka damu nyingine baada ya wiki nne, na nataka uje Mwanza upigwe picha ya kifua. Hata kama umepanda juu ya bati. Hasa kama umepanda juu ya bati, maana ugonjwa huu haumwombi mtu ruhusa ya kuanza kuuma.

Naogopa, kaka. Nimeandika hivyo ili uwe na shahidi.

Justina


Kasoli
2 Agosti 2024

Mdogo wangu Justina,

Mwangaluka. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na mambo ya maana. Tumemzika mzee mmoja wa kule Migato, tumebatiza, na nimekaa kwenye kamati ya kanisa siku tatu tukibishana kuhusu mlango. Precious amekuwa wa nne darasani. Siku hizi ndiye anayechota maji, bibi yake amekuwa mvivu wa ndoo, anasema kilima kimeongezeka. Uzee huo. Usiku analala amekaa, ameegemea ukuta, eti ndani kuna joto. Agosti hii! Nimemwachia kitanda.

Kuhusu 14 yako. Nimeisoma, nikaikunja, nikaiweka kwenye Biblia, kitabu cha Maombolezo. Mimi nakula ugali sahani nzima. Natembea mpaka mnadani na kurudi. Sigara sijaigusa tangu nipasuliwe, na homa sina. Nyie watu wa maabara mkinyimwa mgonjwa mnamtengeneza.

"Naogopa", unasema. Ulikuwa unaogopa hata jogoo ulipokuwa mdogo.

Ila usiseme kaka yako ni mkaidi. Umetaka damu nyingine, hii hapa, Mama Salu amechukua jana. Picha sipigwi mpaka nione mizani yako inasema nini mara ya pili. Mizani mbovu ina tabia moja: ukiirudia, haijui ilidanganya nini mara ya kwanza.

Masalu


Mwanza
9 Agosti 2024

Kaka Masalu,

22.

Sina salamu. Wiki saba nimengoja damu niliyoiomba kwa wiki nne, na nilipoipata ilikuja na kejeli. Ninafanya kazi na wagonjwa wasiojua kusoma, wanaoamini wamerogwa, wanaotoka maporini na ng'ombe zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunichosha kama karani mstaafu mwenye jiwe mlangoni. Wao hawajui na wanajua kwamba hawajui. Wewe umesoma nusu ya kila kitu na umekaa juu ya hiyo nusu kama kuku juu ya yai viza.

Kutoka 3.1 kwenda 14 kwenda 22. Umeniandikia kwamba mizani mbovu haijui ilichodanganya. Hii inajua. Imepanda mara mbili, njia moja.

Nimekupangia picha ya CT tarehe 21 Agosti, saa tatu asubuhi. Nimemwomba daktari kwa unyenyekevu ambao wewe hujawahi kuniona nao. Ukikataa hii, usiniandikie tena habari za mlango wa kanisa. Sikio la kufa halisikii dawa, nami sitakaa nikilipulizia.

Wifi namsalimu. Apumzike, asikubebee wewe na shamba kwa pamoja.

Justina


Kasoli
15 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Justina,

Mwangaluka, tena mwangaluka! Huku furaha tupu. Najua tarehe 21 ulikaa unaningoja mlangoni na sura ya msibani. Nilikuwa hapa nyumbani nakula matobolwa ya viazi na karanga. Nilikuacha ungoje makusudi, ili ujifunze, maana somo lisilouma halikai.

Sasa funga mkanda.

Ile damu si yangu. Ya Juni si yangu na ya Agosti si yangu. Ni ya Milembe.

Nimeiwekea mizani yako jiwe! Nilimwambia Mama Salu kwamba umeagiza wifi yako naye atazamwe sukari na presha. Milembe nilimwambia toa mkono, akatoa, yeye si mtu wa maswali. Kisha kichupa chake nikakichukua mimi, nikaandika MASALU, nikakipandisha basi, changu nikakitupa. Nikanyamaza, nikasikiliza mashine itasema nini.

Na kwa nini Milembe? Kwa sababu jiwe la kupimia lazima liwe kitu unachokijua kuliko unavyoijua mizani. Milembe namjua miaka thelathini na sita. Hajawahi kuweka sigara mdomoni. Hajalala hospitali hata usiku mmoja, watoto wote watano amewazaa hapa hapa. Anabeba gunia ambalo vijana wawili wanaliogopa. Kama kuna mtu mzima wa afya katika mkoa huu wa Simiyu, ni yeye. Na huyo ndiye mashine yako imempa saratani ya mapafu, tena ya mapafu yangu, tena inayopanda!

14! 22! "Naogopa, kaka"! Nimewasomea jirani zetu barua zako tukiwa tumekaa nje, wamecheka mpaka kufuta machozi. Milembe peke yake sijamwambia, maana siku hizi akicheka anaishiwa pumzi.

Nenda kawaambie wakubwa zako waiuze hiyo mashine kwa kilo, kama chuma chakavu. Na usione vibaya. Mtu hujifunza mpaka kaburini, hata mwenye diploma.

Kaka yako mwenye afya,
Masalu


Mwanza
17 Septemba 2024

Masalu,

Mlete Milembe. Kesho, basi la kwanza. Usisubiri kuvuna, kupanda, kikao wala ibada.

Mama Salu nimempigia simu na atakuwa amefika kwako kabla ya barua hii. Naandika kwa sababu wewe unaamini kilichoandikwa tu. Haya, amini.

Mashine ni nzima. Ilikuwa nzima Juni na ilikuwa nzima Agosti. Ulichoweka juu yake ndicho hukukijua. Jiwe halikohoi, kaka. Jiwe halilali limeegemea ukuta. Jiwe halishindwi na ndoo ya maji.

Sasa nimetoa barua zako zote nikazipanga mezani kwa tarehe. Februari, kakikohozi ka vumbi. Juni, anakohoa kama mbuzi. Agosti, kilima kimeongezeka, analala amekaa. Septemba, akicheka anaishiwa pumzi. Yote uliyaandika wewe, kwa mwandiko wa karani, juu kabisa, kwenye salamu. Ukashuka chini kwenye "jambo lenyewe" na kunitukana.

Na mimi, mwenye diploma, nilizisoma salamu kama salamu. Nikamwagizia tangawizi. Nikiutafuta ugonjwa kwako wewe mzima, ulikuwa umeandikwa mistari mitatu juu, kwenye salamu. Kwa hiyo usidhani nakudharau peke yako.

Na wewe pia uje na mkono wako, wa kwako mwenyewe. Nitakutoa damu mimi.

Justina


Kasoli
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Justina,

Mwangaluka. Precious hajambo, anakwenda shule, anapika yeye. Mvua zimeanza. Nimepanda ekari moja ya pamba badala ya tatu, na hiyo moja nimeipanda kwa mistari iliyopinda, majirani wanapita wanaitazama hawasemi kitu. Milembe ndiye alikuwa anashika kamba.

Namshukuru Constantine kwa kukubali Milembe akae kwenu mpaka dawa za dripu ziishe. Namshukuru na wewe, ingawa najua hutaki shukrani yangu.

Kuna jambo hukulisikia kwa sababu ulikuwa umetoka kufuata makaratasi. Siku ile ya majibu ya picha, daktari aliuliza mama amekohoa tangu lini. Nikajibu haraka, kama kawaida yangu, "Tangu Juni, daktari, ni pamba." Milembe akasema taratibu, "Tangu Februari. Kwenye palizi." Daktari akaandika Februari. Kisha akaniambia saratani iko pafu la kushoto, na imekwisha kwenda kwenye mfupa wa nyonga, kwa hiyo kisu hakina kazi tena, ni dawa tu ya kuirudisha nyuma. Nikamuuliza, je, tungemleta Juni? Akanitazama. Akasema Juni hakuwepo, hawezi kujua. Alikuwa ananihurumia, Justina. Mimi huruma ya namna ile nimewahi kuwapa wakulima ambao pamba yao imelowa.

Uliniandikia namba ya damu yangu, ile uliyonitoa wewe: 2.8. Uliandika bila neno jingine. Nimeisoma nikatamani iwe mia. Nimepona kwa kuchungwa, na aliyekuwa ananichunga nimemtukana mwaka mzima, na aliyekuwa ananipikia nimemfanya jiwe. Barua ile ya Septemba niliisoma tena juzi. Yule mtu anayecheka humo ndani, ningekutana naye mnadani ningemtemea mate.

Sasa ombi. Milembe hajui. Anaamini ni Mama Salu aliyemshtukia kwa macho akakupigia simu, na kila nilipokuja kumtazama alikuwa anamwombea Mama Salu kwa Mungu. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelala. Mara ya pili hakuwa amelala, ila nilijiambia amelala. Mwambie wewe. Wewe una maneno makali, yanafika haraka.

Na namba yake ya mwezi huu niandikie. Sitabishana nayo.

Masalu


Mwanza
8 Desemba 2024

Kaka,

Mwangaluka. Precious mwambie bibi yake amesuka kikapu chake mpaka nusu, atakimalizia akipata nguvu. Constantine hajambo, amemzoea wifi kuliko alivyonizoea mimi. Asubuhi anamwashia redio.

Namba. Septemba, alipofika, ilikuwa 31. Baada ya dripu ya tatu ni 24. Usicheze ngoma wala usilie. Nilikwambia tangu Februari, namba moja si kitu, tunatazama inaelekea wapi. Kwa sasa inaelekea chini. Itafika wapi, sijui, na daktari hajui, na wewe ni mara yako ya kwanza kukubali kwamba hujui, kwa hiyo tuko watatu.

Kuhusu ombi lako. Nilikasirika siku mbili. Ulipoandika jina lako kwenye kichupa hukuhitaji msaidizi. Kutengua ndiyo unanihitaji mimi. Nilitaka nikurudishie barua yako bila jibu. Lakini kila nilipomsikia anamwombea Mama Salu kwa jambo ambalo Mama Salu hakulifanya, nilishindwa.

Nimemwambia jana, baada ya uji. Nimemwambia yote, Juni na Agosti, jiwe, na kwamba uliwasomea majirani. Sikupunguza. Barua zako nilikuwa nazo mkononi, kama angetaka shahidi.

Hakulia. Aliuliza swali moja tu, "Kwenye kile kichupa kulikuwa na jina la nani?" Nikamwambia, ni jina lako, Masalu. Akakohoa, akafuta mdomo. Nilidhani atakutukana, na kusema kweli nilikuwa nangoja nifurahi. Badala yake akacheka, kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi. Akasema, "Mwandikie kaka yako. Miaka thelathini na sita, mara ya kwanza ameipeleka damu yangu ipimwe, akaandika jina lake."

Ndivyo alivyosema, nimeandika neno kwa neno. Mengine ukija mwulize mwenyewe, naye atakuwa macho.

Kisha akaomba kile kichupa kipya, cha damu niliyomtoa asubuhi ileile. Nikampa. Akakisogeza karibu na dirisha, akalisoma jina lake herufi moja moja kwa sauti, mpaka mwisho, akanirudishia mkononi.

Justina